Njaa Iliyonyamazishwa Laare

Anayefunga miraa Laare hali kwa saa, anakula gari likishaondoka. Miraa ina haraka yake. Kathinoni, kemikali inayomfanya mtafunaji akeshe macho yakiwa makavu, huanza kupungua nguvu mara tawi linapokatwa, na baada ya saa 48 hivi kinachobaki mkononi ni kijiti tu. Ndiyo sababu kila kitu katika mji huu wa Igembe, ukishapita Maua kwenye milima ya Nyambene, huenda mbio: wachumaji wapo juu ya miti kungali alfajiri, wafungaji wanachambua na kuviringisha mabunda kwa majani ya mgomba, madereva wanapiga honi. Chakula cha mchana ndicho peke yake kinachokubali kungoja, basi kinangojeshwa.

Tumchukue kijana mmoja mfungaji. Jina hana kwa kuwa nimemtunga, ila hakuna kilichompata ambacho hakiwapati watu wa kazi hiyo. Ana miaka ishirini na kitu, mikono myepesi, na shavu lake la kushoto huanza kujaa miraa saa nne asubuhi. Ikifika saa saba wenzake wa mashambani wanakula muthere, mahindi yaliyochemshwa na maharagwe, yeye hata harufu yake haimshtui. Anaona amepata faida, kwa kuwa ameokoa pesa ya chakula na nusu saa ya kazi. Saa nne za usiku, handas, ule ulevi wa miraa, ikianza kumwachilia, njaa yote ya mchana inamrudia kwa pamoja. Anakula chapati nne na nyama ya kukaanga, anashushia soda baridi, kisha analala chali akitazama mabati. Usingizi hauji. Kinachokuja ni kiungulia. Choo anakipata siku ya nne, kwa taabu, na asubuhi kichwa kinamgonga kiasi cha kumeza vidonge vya maumivu kabla ya kutia kitu chochote tumboni.

Hapo hakuna uchawi. Miraa ina tanini nyingi, ileile inayokausha ulimi ukinywa chai nzito, nayo hukausha choo. Kathinoni ni ndugu wa amfetamini: huukimbiza moyo na kuzima hamu ya kula. Mwaka 1995 watafiti walichapisha kipimo walichowafanyia watu waliolishwa kisha wakatafuna miraa, wakaona chakula kinakawia tumboni kuliko siku ambayo watu haohao hawakutafuna. Kwa hiyo tumbo la kijana wetu linafanya kazi mchana likiwa tupu, na usiku linapakiwa mzigo wa siku nzima likiwa limechoka. Upande wa Embu, huko Mbeere, wanaotafuna muguka, aina ya miraa inayoliwa majani, wana balaa la ziada, kwani majani yale huteremshwa na soda na peremende mchana kutwa. Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipopiga marufuku muguka, kelele zilikuwa za akili za vijana na za biashara. Matumbo hayakupata msemaji.

Ayurveda, tiba ya kale ya Wahindi, ilimfikia kijana huyu kwa simu. Video moja ilimwambia kwamba tumboni mwa kila mtu mna moto, Wahindi wanauita agni, na kwamba wake umezimika. Chakula kisichoiva kwenye moto huo hugeuka uchafu unaoitwa ama, ukaziba mwili. Alitikisa kichwa kukubali, maana maneno yale yalifanana mno na alivyojisikia. Mwishoni mwa video palikuwa na namba ya kuagizia. Akatuma pesa, likaja kopo la unga wa pilipili manga, pilipili ndefu na tangawizi wa kuwasha moto, na lingine la kusafisha tumbo, lenye sanamaki ndani.

Laiti angeusikia muktadha wenyewe badala ya tangazo. Charaka Samhita, kitabu ambacho waganga wa Ayurveda huanzia kwake, hakisemi kwamba kila tumbo bovu lina moto uliozimika. Kinataja hali nne: moto uliotulia, unaoyumba, uliofifia, na moto mkali unaounguza hata chungu chake. Mwenye kiungulia cha kila usiku, aliyeshinda na njaa na kukesha, mganga halisi angemshuku kuwa na ule mkali, na pilipili ingekuwa kitu cha kwanza kumnyima. Huko India mtu husomea shahada ya tiba hiyo miaka mitano na nusu. Muuzaji wa kwenye simu alimsoma kijana wetu kwa dakika tatu bila kumwona.

Kuna sura nyingine katika kitabu hicho ambayo mimi ningeibandika kwenye kila kibanda cha kufungia miraa. Inaorodhesha haja 13 za mwili ambazo mtu hatakiwi kuzizuia. Choo kimo, mkojo umo, kupiga miayo kumo, na pia njaa, kiu na usingizi. Sina haja ya kuamini maelezo yote ya wahenga wale kuhusu upepo unaopanda na kushuka mwilini ili nikubali kwamba waliona jambo la kweli: mwili unapobisha hodi, ukiunyamazisha haujaondoka mlangoni. Kijana wetu alizuia tano au sita kila siku, nyingine kwa majani na nyingine kwa kukosa nafasi ya kwenda msalani. Hakuna unga unaouzwa wa kufuta hilo, na huenda ndiyo sababu video haikulitaja.

Kitabu hichohicho kinashauri tumbo ligawanywe sehemu tatu, moja ya vyakula vikavu, moja ya vinywaji, na ya tatu iachwe wazi. Msomaji wa pwani atakuwa ameshatabasamu, kwa sababu amelelewa na hadithi ya Mtume isemayo theluthi ya chakula, theluthi ya maji, theluthi ya pumzi. Mambo mengine ya Ayurveda hayahitaji kuagizwa kabisa: mlo mkubwa uwe wa mchana, wa jioni uwe mwepesi na mapema, chakula kiwe cha moto na kilichopikwa siku hiyo, mtu ale amekaa. Mama wa Igembe aliyepika uji wa wimbi uliochachuliwa, nduma na ndizi alikuwa akifuata karibu yote hayo. Jira, iliki na tangawizi zilishaingia jikoni kwetu kitambo, na chai ya tangawizi baada ya chakula haijamdhuru mtu, mradi isinywewe inachemka. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vinywaji vinavyozidi nyuzi joto 65 katika kundi la vitu vinavyoshukiwa kuleta saratani ya umio, na sisi Wakenya tuna tabia ya kusifu chai kwa jinsi inavyounguza.

Turudi kwa kijana. Kopo la sanamaki lilimfungua choo siku ya pili, akafurahi, akalipa imani yake yote. Kiungulia kiliendelea, lakini alikuwa ameambiwa kwamba uchafu ukianza kutoka mtu huumia kidogo. Vidonge vya maumivu hakuviacha, wala miraa. Wiki zikapita hivyo. Halafu choo kikawa cheusi, chenye kunata kama lami, na harufu isiyo ya kawaida. Akampigia muuzaji. Muuzaji akampongeza: sumu ya miaka mingi ndiyo hiyo inatoka, ongeza kijiko.

Ilikuwa damu. Damu inayovuja juu, tumboni au mwanzoni mwa utumbo, ikimeng'enywa njiani hushuka nyeusi hivyo. Aliongeza kijiko siku mbili. Siku ya tatu aliinama kuokota kamba akaanguka juu ya mabunda, na wenzake walidhani ni njaa, jambo ambalo kwa upande fulani lilikuwa kweli. Hospitalini walimwongezea damu kwanza, ndipo wakaingiza kamera mdomoni. Kidonda kilikuwa pale tumbo linapokutana na utumbo mwembamba. Mama yake, aliyefika na chupa ya uji, alimuuliza mbele ya daktari, "Mwanangu, choo cheusi siku zote hizo, ulinificha mimi?" Akajibu kwamba alidhani anapona.

Daktari hakulaumu pilipili. Alimweleza kwamba vidonda vingi vya namna ile vina wazazi wawili. Mmoja ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua na kuonyesha kazi yake. Wa pili ni baadhi ya vidonge vya maumivu, hasa vikimezwa mara kwa mara. Kijana alikuwa na wote. Unga wa pilipili ulimwongezea maumivu tu; kosa kubwa la makopo yale ni kwamba yalimpa maelezo. Asingekuwa na maelezo, angeogopa mapema.

Na hata maelezo yangekuwa sahihi, kopo lenyewe lingebaki la mashaka. Mwaka 2008 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha uchunguzi wa dawa 193 za Ayurveda zilizonunuliwa kupitia intaneti: karibu moja kati ya kila tano ilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Ukinunua jira sokoni Maua unainusa na kuiona mbegu. Unga wa kopo humwamini mtu usiyemjua.

Alitoka na dawa za siku 14 za kuua bakteria, za kumezwa pamoja na chakula, na amri ya kuacha vidonge vya maumivu. Miraa aliambiwa aiache. Ameipunguza, hajaiacha, na ningekuwa mwongo kumtungia mwisho mwingine katika mji ambao jani hilo ndilo karo ya shule na mabati ya nyumba. Ila sasa saa sita na nusu huenda kwa mama muuza muthere, njaa imemshika au haijamshika, na hupoteza mabunda machache ambayo msimamizi humkata. Siku ya kwanza aliyorudi kazini, jirani yake wa kufunga, naye anayelalamika kiungulia tangu Krismasi, alimsikiliza habari yote hadi mwisho, akampa pole, kisha akauliza kama lile kopo la sanamaki lililobaki analiuza bei gani.