Mwili wa Mvinyo

Je, ladha ina dhambi? Suali hili humjia khasa mfasiri, ambaye kazi yake ni kuvivusha vitu vya watu kutoka lugha moja hadi nyingine, vikiwemo vile asivyovitumia.

Tutazame mvinyo mwekundu mzito wa Afrika Kusini, ule utokanao na zabibu ziitwazo Pinotage. Aina hii ilizaliwa mwaka 1925 huko Stellenbosch, pale Profesa Abraham Perold alipozichanganya mbegu za Pinot Noir na Cinsaut, ambayo huko ikijulikana kwa jina la Hermitage. Majina nayo yakaoana kama mbegu zake.

Wajuzi husema mvinyo wa namna hii una "mwili". Makusudio yao ni uzito wake kinywani. Jua kali huziivisha zabibu mpaka zikajaa sukari, na sukari hiyo ndiyo igeukayo kileo, aghalabu asilimia 14 au karibu na hapo. Maganda nayo huachwa yalowame, yakatoa rangi na ukakasi. Ukakasi tunaujua: ni ule wa bibo, na wa zambarau iachayo ulimi umebadilika rangi. Hutajwa pia harufu ya moshi na ya pipa la mwaloni. Hata asiyeonja, kwa imani au kwa hiari, huweza kufahamu.

Lakini neno "mwili" halituachi hapo. Mwili wa nani? Watumwa walianza kufikishwa kwa wingi Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1658. Mvinyo wa kwanza ulikamuliwa Februari 1659. Waliofuata walitolewa Bukini, Msumbiji, Bara Hindi na visiwa vya Indonesia: watu wa bahari hii yetu. Utumwa ulifutwa 1834, ila walioitwa huru walifungwa kwa mabwana zao hadi 1838. Ukaendelea mtindo ulioitwa dop, kibarua wa shamba kulipwa sehemu ya ujira wake kwa mvinyo, kikombe baada ya kikombe mchana kutwa. Hata ulipopigwa marufuku haukwisha upesi, na ulevi uliouacha ungali ukiwadhuru watoto wangali matumboni mwa mama zao.

Wako wasemao kuwa zabibu haijui nani kaichuma. Ni kweli. Wako pia wasemao kuwa kitu kilichooteshwa kwa dhuluma hakifai kusifiwa kamwe. Hawa nao wana hoja. Lakini tukiifuata hadi mwisho wake, sisi wa visiwa hivi hatutathubutu kuinusa karafuu, maana mikarafuu yetu ya karne ya 19 ilipandwa na kuchumwa na watumwa. Karafuu haikupoteza harufu yake kwa ajili hiyo, wala dhuluma haikufutwa na harufu.

Kwa maoni yangu, hukumu haiuangukii ulimi uonjao, bali ulimi usemao. Anayeusifu mvinyo huo kwa zambarau na moshi, akaisahau mikono, ametoa nusu ya maana. Na kila mfasiri anajua kuwa nusu ya maana huweza kuwa uwongo kamili. Nasi tunaoitungia karafuu mashairi tuna deni lilo hilo.