Wazazi wa Yule Kipofu

Tafakari ya Jumapili ya Nne ya Kwaresima, Mwaka A
Masomo: 1 Sam 16:1, 6-7, 10-13, Efe 5:8-14, Yn 9:1-41



Katika Injili ya leo wazazi wa kipofu wanaingia mara moja tu, wanasema maneno machache, kisha hatuwasikii tena. Ni rahisi kuwapita. Macho yetu humfuata Yesu anayetengeneza tope kwa mate yake, na kijana anayepapasa njia kwenda bwawa la Siloamu akiwa na tope usoni, na Mafarisayo wanaobishana juu ya Sabato. Wiki hii nawaomba tukae kidogo na wazazi hao, kwa maana wengi wetu tumesimama pale pale waliposimama.

Wameitwa mbele ya wakuu. Wanaulizwa kama huyu ni mwana wao, kama alizaliwa kipofu, na imekuwaje sasa anaona. Maswali mawili ya kwanza wanayajibu bila shida. La tatu wanalikwepa: wao hawajui, aulizwe mwenyewe, ni mtu mzima. Mwinjili hatuachi tukisie sababu. Anasema wazi, katika aya ya 22, kwamba waliogopa, kwani ilikuwa imeshakatwa shauri kuwa yeyote atakayemkiri Yesu kuwa Kristo atatengwa na sinagogi.

Mfikirieni mama huyo. Alimnyonyesha mtoto asiyeweza kumwona. Alimlea akijua kwamba atakuwa mtu wa kuketi njiani na kuomba. Leo mwanawe anaweza kumtazama usoni, na jambo jema kuliko yote yaliyowahi kuingia nyumbani kwake hawezi kulitamka mbele za watu. Mama huyu aliona vizuri. Alipoona, akapiga hesabu ya kitakachompata akisema.

Ndugu zangu, upofu wa kiroho mara nyingi huanzia hapo. Tumezoea kuudhani kuwa ni ugonjwa wa watu wasiojua Maandiko, au wasiofika kanisani. Yohana anatuonyesha upofu ambao mtu anayeona anajitia mwenyewe, kidogo kidogo, kwa sababu kuona kutamgharimu. Leo anasema hajui ilhali anajua. Kesho anarudia. Baada ya miaka kadhaa dhamiri haimsumbui tena, na sasa hajui kweli. Ndiyo maana Yesu, mwishoni mwa sura, anawaambia wale wanaojiona wana macho kwamba dhambi yao inakaa. Kipofu anayekiri upofu wake huomba aponywe. Anayesema haumwi, nani atamtibu?

Maandiko yanataja waziwazi kimojawapo cha vitu vinavyopofusha. Kitabu cha Kutoka, sura ya 23, na Kumbukumbu la Torati, sura ya 16, vinafundisha kwamba rushwa huyatia giza macho ya wenye hekima. Samweli, tunayemsoma leo akimpaka Daudi mafuta, alipong'atuka katika uongozi alisimama mbele ya taifa zima akauliza ni nani aliyewahi kumpa kitu ili afumbe macho. Hakutokea hata mmoja. Hata hivyo mzee huyo mwadilifu, alipofika nyumbani kwa Yese, nusura ampake mafuta Eliabu kwa sababu alikuwa mrefu na mwenye sura ya kupendeza. Ikiwa Samweli alihitaji Mungu amsahihishe anapomtazama mgombea, sisi je?

Nchi yetu ya Kenya inaufahamu upofu huu. Mwaka 1988, katika mchujo wa chama tawala cha KANU, wapiga kura walipanga foleni nyuma ya mgombea wao au wakala aliyeshika picha yake. Ndio uchaguzi wa mlolongo. Hapakuwa na karatasi wala sanduku. Waliokuwa uwanjani waliona, jua likiwaka, mstari upi ni mrefu na upi ni mfupi. Kisha, katika maeneo kadhaa, ikatangazwa kuwa wa mstari mfupi ndiye mshindi, na kwa kanuni za wakati huo aliyepata asilimia 70 au zaidi alihesabiwa amepita bila kupingwa. Halaiki ya watu ilikuwa shahidi. Wengi walirudi nyumbani wakisema kwamba hayo ni mambo ya wakubwa. Ndilo jibu la wale wazazi: waulizeni wengine, sisi hatujui.

Wachache walikataa kusema hawajui. Maaskofu wa Kianglikana David Gitari, Henry Okullu na Alexander Muge walihubiri waziwazi kwamba kura iliyoibwa ni dhambi mbele za Mungu. Aprili 1989 genge lilivamia nyumba ya Askofu Gitari usiku, naye akanusurika kwa kupanda juu ya paa. Maaskofu hao walitukanwa, wakaambiwa wavue kanzu waingie siasa. Kufikia uchaguzi wa 1992 mlolongo ulikuwa umefutwa na kura ya siri imerudi. Hawakufunua fumbo lolote. Walisema kile ambacho kila mtu uwanjani alikuwa amekiona.

Lakini Kanisa halikusimama upande huo siku zote. Kuelekea uchaguzi wa Desemba 2007 viongozi wengi wa makanisa yetu waligawanyika kwa mkondo wa makabila yao, na waamini wakawafuata. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa na wanawake na watoto waliokimbilia humo. Wachomaji na waliochomwa waliishi katika nchi ambayo Jumapili makanisa hujaa. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi huo, ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Mwaka huo huo Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, lilikiri hadharani kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wameegemea pande, na kwa hiyo sauti yao ilikosa nguvu ilipohitajika. Ukabila uliwafanya waone damu ya upande mmoja tu. Ungamo lile lilikuwa chungu, na lilikuwa la lazima.

Je, tumepona? Tutazame Jumapili za harambee. Misa imefika katikati, msafara wa magari unaingia uwanjani. Mheshimiwa, awe wa serikali au wa upinzani, anaingia na walinzi wake. Bibi anayefagia kanisa kila Jumamosi anaombwa asogee nyuma ili wageni wapate viti. Mtakatifu Yakobo, sura ya 2, alikwisha kutuonya juu ya kiti hicho hicho. Kabla ya baraka ya mwisho mheshimiwa anapewa kipaza sauti, anawasema wapinzani wake mbele ya altare, anatoa kitita, kwaya inapiga vigelegele. Wiki inayofuata zahanati ya kata haina dawa, na hakuna anayeuliza fedha ile imetoka wapi. Tutaulizaje, na mabati tumeshayapokea?

Ndiyo sababu tukio la Novemba 2024 linastahili kukumbukwa. Baraza la Maaskofu Katoliki lilikuwa limetoka kulaani utamaduni wa uongo katika uongozi wa nchi. Siku chache baadaye Rais alitembelea Kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, akatoa mchango kwa ajili ya nyumba ya mapadre na kwaya. Tarehe 18 Novemba Askofu Mkuu Philip Anyolo aliagiza fedha hizo zirudishwe. Najua waamini wengine walinung'unika: nyumba ilihitajika, na kwaya ilikuwa imeshafurahi. Manung'uniko hayo yana haki ya kusikilizwa, kwa maana maskini ndio huumia mradi unapokwama. Lakini mchungaji anayetaka kuendelea kuona lazima awe tayari kubaki na jengo lisilokwisha. Uhuru wa kusema kweli hugharimu fedha halisi, na gharama hiyo tuibebe wote, kwa sadaka zetu wenyewe.

Wala tusiwaachie wanasiasa na maaskofu Injili hii. Kuna anayejua kwamba shamba la mjane limemegwa na shemeji zake, naye akiitwa na wazee wa ukoo anasema hajui mpaka ulipokuwa. Kuna karani anayejua zabuni imepangwa. Kuna mwajiri anayekomunika kila Jumapili, na msichana wa kazi nyumbani kwake hajalipwa tangu Krismasi. Paulo anawaambia Waefeso kwamba tunda la nuru ni wema, haki na kweli. Vyote vitatu huonekana katika mambo ya namna hii.

Sasa mtazameni kijana mwenyewe. Hana elimu ya wakuu wanaomhoji. Analo jambo moja analolijua, kwamba hakuwa akiona na sasa anaona, naye haliachi. Kadiri wanavyomkandamiza ndivyo anavyozidi kuona. Mwanzoni anamtaja mtu aitwaye Yesu. Baadaye anamwita nabii. Kisha anasema ametoka kwa Mungu. Wanamfukuza nje, na huko nje, akiwa amepoteza kila alichokiogopea mama yake, anapiga magoti na kusujudu. Yohana anasema Yesu alisikia kwamba amefukuzwa, akamtafuta mpaka akampata. Hapo ndipo hofu ya wazazi inapojibiwa. Walidhani anayetolewa nje anabaki peke yake. Kumbe Bwana mwenyewe yuko huko nje, anawatafuta waliotolewa.

Uchaguzi mkuu wa 2027 utakuja na pesa zake, nyimbo zake na majina yake ya makabila. Tusisubiri wakati huo ndipo tuanze kujizoeza kuona. Wiki hii, katika jumuiya ndogo ndogo, kila mmoja ajiulize: ni jambo gani ninalolijua, ambalo nikiulizwa nasema sijui? Naogopa kupoteza nini? Na ni nani anayeumia kwa ukimya wangu? Tukishajibu, tuchague moja tu, tulisimamie: kumlipa msichana mshahara wake, kwenda na mjane kwa chifu, kukataa noti ya mgombea, kumrudishia bibi kiti chake. Tusipojizoeza katika madogo haya, siku ya kubwa tutawasukumia wengine swali kama wazazi wale.

Tuombe. Bwana Yesu, nuru ya ulimwengu, wewe wajua tunayoyaona na kuyanyamazia. Tuponye hofu ya kutengwa. Uwaondolee wachungaji wetu kiu ya zawadi, na viongozi wetu upofu wa madaraka. Utupe ujasiri wa kusema kweli tuliyo nayo, na tutakapofukuzwa kwa ajili yake, njoo ututafute. Amina.