Mipira Miwili ya Montevideo

Tarehe 30 Julai 1930, katika uwanja wa Centenario mjini Montevideo, timu za taifa za Uruguay na Argentina zilikutana ili kumpata bingwa wa kwanza wa Kombe la Dunia. Kabla ya mchezo kuanza ulizuka ubishi juu ya mpira. Kila upande ulikuja na wake, na kila upande uliukataa wa mwenzake. Ikaamuliwa kwamba kipindi cha kwanza utumike mpira wa Argentina, na cha pili ule wa Uruguay. Hadi mapumziko Argentina waliongoza kwa mabao 2 kwa 1. Filimbi ya mwisho ilipolia, Uruguay walikuwa wameshinda 4 kwa 2.

Kisa hiki huchekesha, nacho chastahili kuchekesha. Hata hivyo limo ndani yake swali ambalo kila taifa hukutana nalo: je, mshindani wangu ni adui yangu?

Yafaa tuwatazame wenyewe waliobishana. Nchi zao zinatazamana ng'ambo na ng'ambo ya Río de la Plata. Wote husema Kihispania, tena kwa lafudhi zinazokaribiana. Wote hunywa mate, yale majani makavu yatiwayo maji ya moto katika kibuyu kidogo, na kibuyu hicho hupokezanwa mkono kwa mkono. Wote hucheza tango, na kila mmoja hudai kuwa tango ni mali yake. Hata kandanda waliipata kwa wageni wale wale, Waingereza waliofika katika bandari zao karne ya 19. Mwaka 1928 walikutana katika fainali ya Olimpiki mjini Amsterdam. Wakatoka sare 1 kwa 1, wakarudiana, na Uruguay wakashinda 2 kwa 1. Ushindani wao, basi, ulizaliwa na kufanana kwao. Mtu hapimani kimo na mlima. Hupimana na ndugu yake.

Sisi tunaosema Kiswahili tunalo neno linalokaribia uhusiano huu, nalo ni utani. Mtani hukukejeli mbele ya watu, pengine hata huchukua kitu chako, wala haifai ukasirike. Lakini siku ya msiba ndiye huyo huyo anayeshughulikia mazishi. Utani una sheria, na bila ya sheria hiyo hugeuka kuwa matusi matupu. Uamuzi wa mipira miwili ulikuwa sheria ya namna hiyo. Watu wale hawakuaminiana hata kidogo, lakini walikubali kufungwa na utaratibu mmoja.

Waliouvunja utaratibu hawakuwa wachezaji. Habari za kushindwa zilipofika Buenos Aires, umati uliupiga mawe ubalozi mdogo wa Uruguay. Bila shaka waliorusha mawe walidhani wanaitetea heshima ya nchi yao. Nami sisemi kwamba raia asiumie timu yake inaposhindwa. Asiyeumia huenda hana anachokipenda. Lakini jiwe lile lilimtetea nani? Halikurudisha bao hata moja.

Bao la nne la Uruguay lilifungwa na Héctor Castro, mtu aliyepoteza sehemu ya mkono wake wa kulia alipokuwa kijana. Wauruguay wanalikumbuka kwa fahari, na ni haki yao. Lakini ni nani aliyelipa bao lile thamani, kama si walinzi wa Argentina waliojitahidi kulizuia? Kama lingefungwa dhidi ya timu dhaifu, nani angelisimulia leo? Anayemtamanisha mshindani wake maangamizi anaiba sehemu ya ushindi wake mwenyewe.

Kuhusu tango wamekwisha kuelewana: mwaka 2009 nchi zote mbili zililipeleka kwa pamoja UNESCO, likaandikwa kuwa urithi wao wawili. Kuhusu Kombe la mwaka 1930, Wauruguay hawana nia ya kuligawa, na Waargentina bado wanasema kwamba kwa mpira wao wenyewe walikuwa wakiongoza.