Mwani Uliobaki Kabatini

Mwezi Mei 1855, mtaalamu wa mwani kutoka Ireland, William Henry Harvey, alikuwa Sydney. Alikwishapita pwani nyingi za Australia, na alikuwa akikusanya mimea ya bahari kwa bidii ya mtu aliyejua kwamba hatarudi huko tena. Karibu na kisiwa kidogo cha Spectacle, ndani ya bandari yenyewe, alipata mwani mwekundu mdogo ambao sayansi haikuwa na jina lake. Aliupa jina kwa heshima ya Dkt. George Bennett, tabibu wa Sydney aliyeipenda elimu ya viumbe. Mwaka 1859 akautangaza rasmi na kuuchapa katika Phycologia Australica, kazi yake kubwa yenye picha 300 alizozichora kwa mkono wake.

Mwani huo ulipatikana mara moja tena, mwaka 1886, katika bandari hiyohiyo, kati ya Point Piper na Shark Island. Kuanzia hapo haukuonekana tena ukiwa hai. Mwaka 2003 uliingizwa katika Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, miongoni mwa viumbe vilivyotoweka duniani.

Umebaki mkavu, umebanwa kwenye karatasi. Na kuukausha mwani ni kazi ya mikono yenye subira. Kwanza unaeleshwa katika sinia la maji ya chumvi, karatasi nene inapitishwa chini yake, kisha matawi yanatandazwa moja moja kwa brashi laini au ncha ya sindano. Karatasi hunyanyuliwa kwa mshazari, polepole, maji yachuruzike na mwani ubaki umelala. Juu yake huwekwa kitambaa chepesi, kisha karatasi za kunyonya maji, kisha mbao na kitu kizito. Karatasi hizo hubadilishwa mpaka zitoke kavu. Mara nyingi gundi haihitajiki, kwa kuwa ute wa mwani wenyewe huushikisha. Mwani wa jamii ya huu wa Bennett ni wavu: vijani vyake huungana hadi vikafanya vitundu vilivyopangika kama vya kofia iliyoshonwa kwa mkono. Ukihifadhiwa gizani, wekundu wake hudumu miaka mingi. Ukiachwa juani, hupauka.

Karatasi ya namna hiyo ina uzito wa kisheria katika elimu ya mimea. Jina la kisayansi halisimami juu ya maelezo ya kitabuni peke yake. Hufungwa kwenye kielelezo kimoja, kiitwacho kielelezo asili, na wataalamu wakibishana ni hicho kinachotolewa kabatini. Kipande kidogo hukatwa, hutiwa maji, hutazamwa kwa darubini, na siku hizi hata vinasaba vinaweza kuchukuliwa humo. Mimi nauheshimu sana utaratibu huu. Bila huo kila mtu angeita mwani anavyotaka.

Lakini una mtego wake. Mwaka 1956 mtaalamu Papenfuss aliuhamisha mwani wa Bennett kutoka jenasi Claudea kwenda Vanvoorstia. Wakati huo ilikuwa imepita miaka 70 tangu upatikane mara ya mwisho. Jina lilikuwa likisafishwa na kupangwa upya huku mwenye jina pengine hayupo tena. Kielelezo kikishaingia kabatini, na jina likishachapwa, moyo wa mtu hutulia. Anaona kwamba kitu kimehifadhiwa, kumbe kilichohifadhiwa ni ushahidi kwamba kiliwahi kuwepo.

Nje ya kabati, bandari ilikuwa ikibadilika. Kuanzia mwaka 1865 kisiwa cha Spectacle kiligeuzwa ghala la baruti. Fukwe zilijazwa kifusi, tope likateremka baharini, na maji taka ya mji yakaendelea kumiminwa bandarini hadi mwaka 1889, mfereji mkuu wa Bondi ulipofunguliwa na kuanza kuyapeleka bahari kuu. Viwanda vikafuata. Mwaka 2006 uvuvi wa kibiashara ulipigwa marufuku katika bandari nzima kwa sababu ya sumu ya dioksini ndani ya samaki. Hakuna aliyekusudia kuumaliza mwani ule. Mmea mdogo wenye vitundu, unaoishi kwa mwanga unaopenya maji, hauhitaji adui. Tope likiutuamia inatosha. Wapiga mbizi walipokwenda kuutafuta walikuwa wamechelewa mno.

Nawaandikia haya watu wa mwambao wetu kwa sababu sisi nasi tunaishi kwa mwani mwekundu. Spinosum na cottonii zinazolimwa Zanzibar ni mwani wa kundi hilohilo, na mbegu yake ililetwa kutoka Ufilipino mwaka 1989. Kabla ya hapo watu waliokota mwani wa asili na kuuuza ng'ambo, na Profesa Keto Mshigeni aliuchunguza tangu miaka ya 1970. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba bahari yetu ina mbari zake yenyewe, zisizo sawa na zile zilizoletwa. Sasa maji yanapata joto, cottonii inakufa mashambani, na wakulima, wengi wao wanawake, wamelazimika kubaki na spinosum yenye bei ndogo. Huenda mbari hizo za asili zina ustahimilivu tunaouhitaji. Zikitoweka kabla ya kujaribiwa, hebaria, yaani kabati la mimea iliyokaushwa, itatuonyesha sura zake tu.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu na wanafunzi wa elimu ya bahari ni hili. Bamvua likija, nendeni miambani pamoja na kina mama wa mwani, maana wao wanajua mwani upi wa asili uliota wapi na umeacha kuota lini. Chukueni kidogo, mkaushe, mwandike mahali, tarehe, kina cha maji na jina la wenyeji. Kisha mwaka unaofuata mrudi kwenye mwamba uleule. Mkiukuta, andikeni. Msipoukuta, andikeni hivyo pia, pamoja na tarehe, juu ya karatasi ileile.