Halali Peke Yake Yatosha?

Tukiingia mkahawani hapa Kampala tunauliza jambo moja: nyama imechinjwa na nani? Tukishajibiwa, tunakula tupendavyo. Mimi naliona swali hilo kuwa nusu tu. Qur'ani (2:168) inapotaja halali huongeza tayyib, yaani kilicho chema, na aya ya 31 ya Sura Al-A'raf inakataza israfu katika kula na kunywa.

Chukua mawe ya figo. Mengi hutokea pale kalsiamu na oksaleti zinapogandamana ndani ya mkojo mzito. Kunywa maji kidogo huuzidisha uzito huo. Chumvi nyingi huongeza kalsiamu katika mkojo; nyama nyingi huongeza asidi ya yuriki na kupunguza sitreti, ambayo huzuia mawe na hupatikana kwenye ndimu. Muchomo kila jioni, chipsi zenye chumvi juu ya chumvi, soda mahali pa maji: haramu iko wapi hapo? (Wengine huacha maziwa kwa kuiogopa kalsiamu, kumbe kalsiamu ya chakula huishika oksaleti tumboni isifike kwenye figo.)

Atasema mtu: ugonjwa ni kadari. Naam, lakini mwili ni amana, na mafakihi wametufundisha kwamba aliyewekewa amana hadaiwi kwa kilichoharibika bila kosa lake. Hudaiwa kwa kuvuka mpaka au kwa uzembe.

Sasa nani ajuaye uzembe wa mwenzake? Kuna ndugu bwenini kwetu ambaye hunywa maji kutushinda sote, na mawe yamempata mara mbili. Baba yake anayo pia, na ugonjwa huu hufuata ukoo. Waliokwenda kumzuru walimhutubia habari za amana, naye anajikunja kwa maumivu. Hilo nalikataa kabisa. Hesabu ya amana kila mtu aifanye mbele ya sahani yake mwenyewe.

Au tuifanye sote pamoja, maana futari yetu ya jumuiya huwa na sambusa, nyama, makreti ya soda, na jagi moja la maji kwa safu nzima. Kamati ikikaa kupanga Ramadhani ijayo, nitaomba makreti mawili yaondolewe, pesa yake inunue maji na ndimu.