Ruthu katika shamba la Boazi

Sisi Wakristu twapenda kumsifu Ruthu, kwa kuwa hakumwacha mamamkwe wake. Twawaambia mabinti zetu: Muwe kama Ruthu. Ni mafundisho mema. Lakini je, tumemtazama Boazi? Kitabu kile kinawafundisha wanawake uaminifu. Kinawafundisha pia wenye mashamba wajibu wao.

Ruthu alikuwa Mmoabu, tena mjane. Alifika Bethlehemu pamoja na Naomi wakati wa kuvuna shayiri, hawana kitu. Akaenda kuokota masuke nyuma ya wavunaji. Hakuiba. Sheria ya Musa ilimkataza mwenye shamba kuvuna mpaka pembeni kabisa. Mabaki yalikuwa haki ya maskini na mgeni, ya yatima na mjane. Boazi akazidisha: aliwaamuru vijana wake wasimguse, akamkaribisha kula pamoja nao. Ruthu alikuwa na bidii nyingi, lakini alirudi salama jioni kwa sababu mtu mwenye nguvu alitoa amri.

Sasa tutazame kwetu Masisi. Tangu vita vya mwaka 1993, vilivyoanza Ntoto katika Walikale, mara ngapi watu wamekimbia na kuacha maharagi na viazi shambani? Mama mkimbizi huenda kulima kibarua katika shamba la mwingine, ili watoto wake wapate kula. Njiani anawaogopa watu wenye bunduki. Shambani pengine anamwogopa hata yule atakayemlipa. Tumwambie nini? Uwe kama Ruthu? Amekwisha kuwa Ruthu. Anayekosekana ni Boazi.

Wengine watasema: Huyu si mtu wa kwetu. Twajua ugomvi huu ni wa zamani. Tangu mwaka 1937 serikali ya Kibelgiji ilileta watu wengi kutoka Rwanda wakae katika milima hii. Hata leo wajukuu wao huulizwa kwao ni wapi, na wenyeji nao hulilia mashamba ya babu zao. Hatuwezi kukata shauri hilo hapa. Lakini njaa ya mjane haingoji hukumu ya mashamba. Boazi aliuliza binti huyu ni wa nani, akajibiwa ni Mmoabu, wala hakumfukuza.

Na Mungu alifanya nini? Ruthu alimzaa Obedi, Obedi akamzaa Yese, Yese akamzaa Daudi. Mtakatifu Mateo amemtaja Ruthu katika ukoo wa Bwana Yesu. Basi, amfukuzaye mgeni shambani hajui amfukuza nani.

Kwa hiyo mwenye shamba alipe kibarua jioni ileile. Baba wa nyumba awakanye wanawe. Wakubwa wa shirika wasifiche uovu kwa sababu aliyeutenda ni ndugu yao. Hapo ndipo tutaweza kuwasomea mabinti zetu kitabu cha Ruthu bila haya.