Je, Starehe Hutakasika kwa Kungojewa?

Tumeletewa suala na ndugu yetu mmoja ambaye kazi yake humpeleka na kumrejesha baina ya Lodwar na Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi za joto na vumbi. Ni mtu wa ibada na wa kusoma. Hanywi ulevi, hatafuni miraa, na sigara za karatasi anazichukia. Lakini nyumbani kwake Lodwar analo sanduku la mbao ambalo ndani yake amehifadhi biri, yaani zile sigara nene zinazosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku, za vipimo mbalimbali. Huzinunua anaposafiri, huandika tarehe ya kila moja, huziacha zilale miaka mitatu, minne, hata mitano, kisha huvuta moja tu kwa juma, usiku, peke yake barazani. Atuuliza: jambo lifanywalo kwa mali ya halali, kwa subira na kwa kiasi, bila ya kuuingiza moshi kifuani, laweza kuhesabiwa sawa na uvutaji wa ovyo wa vijana wa vituo vya magari?

Tumelizungumza suala hili katika darasa letu majuma mawili, na tumeona yafaa kulijibu kwa urefu kidogo, kwani ndani yake mna jambo lililo kubwa kuliko biri.

Kwanza tumpe mwenye hoja haki yake. Jani la biri huvunwa, hukaushwa, kisha hulundikwa livundike, kama mama zetu wanavyovundika ndizi, likawa halina ule ukali wa kwanza. Hata baada ya kusokotwa, biri ikitunzwa vizuri huendelea kugeuka polepole: harufu kali ya amonia hupungua, na ladha hulainika. Na vipimo vyake ni elimu mbali. Urefu hupimwa kwa inchi, na unene kwa sehemu 64 za inchi. Ile iitwayo Robusto ni ya inchi 5 na unene wa 50. Ile iliyopewa jina la Churchill, waziri mkuu wa Uingereza aliyekuwa haitoi mdomoni, ni ya inchi 7 na unene wa 47. Fupi huisha kabla ya saa moja, ndefu huipita saa hiyo. Kila kipimo huungua kwa namna yake, na mwenye kuzoea hujua ipi ni ya usiku gani. Hatusemi kwamba raha hiyo ni ya uongo. Mtu anayeweza kulitazama jani miaka mitano asiliguse ana nguvu juu ya nafsi yake ambayo mvutaji wa sigara 20 kwa siku hana.

Lakini sasa tuitazame Lodwar yenyewe. Biri haitaki joto kubwa wala ukavu. Yataka hewa yenye unyevu wa kiasi cha asilimia 65 hadi 70, na baridi ya nyuzi 18 hadi 21. Lodwar mchana joto hufika nyuzi 35 na kupita, na mvua ya mwaka mzima ni haba mno. Kwa hiyo sanduku la ndugu yetu laishi kwa maji: hana budi kulitilia maji safi kila mara, na kulitafutia mahali pa baridi, majani yasije yakapasuka. Na nje ya ukuta wake mto Kawalase ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka, na wanawake huchimba humo kwa mikono na vibuyu wapate maji ya kunywa. Hatusemi kwamba kikombe chake kimoja kingewanywesha wale. Hesabu hiyo ni ya kitoto. Twasema kwamba moyo wa mtu hufuata kile anachokilinda, na mwenye kuamka usiku kutazama kama majani yake yamepata maji, ni vigumu asijifunze kutoyatazama mengine.

Ama hoja ya kwamba hauingizi moshi kifuani, hiyo madaktari wameijibu zamani. Moshi wa biri hupitisha nikotini kinywani hata usipomezwa, na huleta saratani ya kinywa, ya koo na ya umio. Biri moja kubwa yaweza kuwa na tumbaku iliyo sawa na paketi nzima ya sigara. Na kule kuilaza miaka mitano huondoa ukali wa ladha tu. Ile sumu iletayo saratani hubaki humo ikimngoja mwenyewe. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka.

Tunajua kwamba wako watakaotuambia: mbona wanavyuoni wa kale walikhitalifiana? Ni kweli. Tumbaku ilitoka Marekani, ikaingia nchi za Kiislamu mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa 17, na mabishano yakaanza hapo hapo. Sultani Murad wa Nne aliipiga marufuku mwaka 1633, akawaua wavutaji. Mjini Kairo, Ibrahim al-Laqani aliandika kuikataza, na Ali al-Ajhuri akaandika kuiruhusu, na wote wawili ni wa madhehebu moja ya Malik. Baadaye Abdulghani al-Nabulusi wa Damascus, aliyefariki mwaka 1731, aliitetea kwa kitabu kizima. Lakini tazama, ewe msomaji, waliyakinisha nini wale walioruhusu: hawakuona dhara iliyothibiti. Mwaka 1950 Doll na Hill walichapisha uchunguzi wao wa hospitali za London, na mwaka 1964 serikali ya Marekani ikatoa taarifa yake juu ya saratani ya mapafu. Walichokikosa wanavyuoni wale, sisi tunacho mkononi. Basi mwenye kujificha leo nyuma ya al-Nabulusi amemheshimu mtu na kuiacha hoja yake.

Yabakia subira, na hapa ndipo penye kiini cha suala. Ndugu yetu aona kwamba kungoja kumeisafisha starehe yake. Sisi twaona kungoja ni chombo, na thamani yake yatokana na kile kinachongojewa. Mwizi naye hungoja usiku uingie. Tena kuna khatari ndani ya starehe iliyopambwa kwa elimu, tarehe na vipimo: mtu hupata fahari ya kujiona mwenye kiasi, akasahau kuuliza kama jambo lenyewe lafaa. Kijana wa kituo cha magari, akivuta, ajua kwamba afanya ovyo. Huyu wetu hajui, na kwa hivyo kuacha kwake ni kugumu zaidi.

Sasa tumweke mbele yake mzee wa Kiturkana. Tumbaku, ambayo wao huiita etaba, ni salamu katika nchi ile. Wanaume na wanawake huitafuna na kuinusa, wengine huichanganya na magadi, na aliyenayo huombwa mbele ya watu wote, na si rahisi akatae. Watu wa pwani wasicheke; bibi zetu walikuwa na tabakero za ugoro, na katika tambuu zao walitia tumbaku. Tumbaku ya mzee huyo ina jambo moja ambalo sanduku la Lodwar halina, nalo ni kwamba hupita mkono kwa mkono. Lakini tusiipambe. Nayo ni sumu ile ile, na ina kosa zito zaidi kwa maskini: huua njaa bila ya kushibisha. Katika ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, na tena Kakuma, penye kambi iliyofunguliwa mwaka 1992, posho ilipopunguzwa sana mwaka 2025 kwa upungufu wa fedha, wako waliotia tumbaku mdomoni mahali pa chakula. Jani lile lile mmoja alitumia kwa kuwa ameshiba kila kitu, na mwingine kwa kuwa hana kitu.

Twakumbuka hapa khabari ya Migori. Mwaka 2022 mamia ya wakulima kule waliacha kupanda tumbaku wakapanda maharagwe yenye madini ya chuma, na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, lile lile liletalo posho Kakuma, likaahidi kuyanunua. Shamba ni lile lile.

Jawabu letu kwa ndugu yetu ni kwamba aache, wala asiseme kwamba atazimaliza kwanza zilizobaki. Akiuliza zifanyweje, twasema asiziuze, kwani atakuwa amepokea thamani ya dhara ya mtu mwingine, wala asimpe mlinzi wake akaiita sadaka. Azichome shimoni, ijapokuwa twajua kwamba ile ya mwaka wa tano itamuuma.

Na wenzetu wa darasa wanaokwenda kwenye maboma ya Kakuma na Kalobeyei, ambao wengine wamezoea kubeba tumbaku wapate kuwafungua wazee maneno, nao jambo hili lawahusu. Hatuwezi kumkataza mwenye sanduku huku mifukoni mwetu mna etaba ya kugawa. Wachukue majani ya chai na sukari. Mzee akiulizia tumbaku, aambiwe kwa adabu kwamba hapana, na birika liwekwe motoni; na chai ya huko hunywewa tamu, basi wasiende na robo kilo.